Stesheni iliyokufa kati ya Usoke na Urambo, nani anajua historia yake?

MwanaUsoke:
Wakuu mwangaluka. Kijijini kwetu kuna kistesheni kimekufa siku nyingi, treni ya Kigoma inapiga honi tu inapita. Bati zimeng'olewa, zimebaki kuta, nyuma kuna nguzo nne fupi za zege hazina kitu juu, pembeni ghala limejaa popo. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, ukikifuta vumbi ubavuni unasoma 1911. Ndo mwaka wa stesheni? Na kwa nini waijenge porini wakati wazee wanasema kijiji kilikuja baadaye? SGR, ile reli mpya ya kisasa, ndo hiyo inakuja, naogopa hata kuta zitaondoka hatujaandika chochote.

Fundi_Reli:
Mkuu hiyo 1911 ni mwaka chuma kilipotoka kiwandani. Mjerumani alianzia Dar 1905, akafika Tabora 1912, Kigoma ikawa Februari 1914. Kwa hiyo upande wenu ulilazwa reli kati ya 1912 na 1914, ila reli huwa zinang'olewa huku zinapelekwa kule, usiitegemee peke yake kwenye tarehe.

Kuhusu porini, hawakufuata watu, walifuata maji na nafasi. Njia ni moja tu, treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni ingoje, ndo maana vistesheni vimepangwa vile hata pasipo na nyumba. Halafu injini za mvuke zinakunywa maji kweli kweli! Hizo nguzo nne bila shaka zilibeba tangi. Dizeli zilipochukua kazi, tangi likakosa maana.

Kasulu_Kwetu:
Ghala si la Wajerumani, labda la karanga? Urambo kulikuwa na ule mradi mkubwa wa karanga wa Mwingereza wa 1947.

Fundi_Reli:
Inawezekana ndugu, ila mradi ule ulikufa 1951, yale mashamba yakageuzwa ya tumbaku na ndo Urambo unayoijua leo. Kama popo wamekaa ndani miaka yote hiyo harufu ya tumbaku imeshapotea, ila mwulizeni mzee yeyote aliyelima tumbaku alikuwa anapakilia wapi.

Mama_Kota:
Mimi nimekulia kota za reli upande wa Kaliua, baba alikuwa gengi, wale wa kutengeneza njia. Watu wanaandika habari za injini tu wanasahau akina mama. Treni ikisimama pale hata usiku wa manane tunatoka na sufuria za karanga za kuchemsha, asali kwenye chupa za soda, uyoga msimu wa mvua, abiria ananunua kupitia dirishani na hela unapokea huku behewa linaanza kutembea unakimbia nalo. Ada zetu zilitoka hapo. Stesheni ilipofungwa wengi walihamia Urambo mjini, na kota zikabaki tupu. Mwanangu, andika na hilo.

MwanaUsoke:
Shikamoo mama, asante sana, hilo la asali hata bibi yangu aliwahi kulisema. Yupo mzee hapa alikuwa anageuza pointi, zile reli za kuhamisha treni njia, macho hayaoni vizuri ila kumbukumbu ipo, nitamrekodi kwa simu. Nina ombi moja, mwenye picha yoyote ya zamani yenye kibao cha jina la stesheni aitupie hapa, maana kibao chenyewe kimefutika na vijana wa sasa wanaliita jina tofauti na wazee.

Fundi_Reli:
Muulize pia mzee tangi lilivutiwa maji kutoka bwawa gani, ukilipata bwawa utaona na bomba la zamani.