Feni ya hita inalia, ninunue mota au nivumilie?

Mwana_Arua: Jamani, msaada. Gari ni Toyota Corona ya 1996, niko Kabale kwenye baridi kikazi. Nikiwasha feni ya hita inalia kama panya aliyebanwa mlangoni, nikiongeza spidi inakoroma. Asubuhi kioo kinajaa ukungu, bila hita sioni barabara. Nibadilishe mota? Msiniambie niuze gari.

Fundi_Katwe: Fungua kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Mota iko huko nyuma, kwa kawaida skrubu tatu na plagi moja. Izungushe kwa mkono. Ukikuta majani makavu, toa, kelele imekwisha. Ikichezacheza, bushi zinazoshika mhimili wake zimelika. Oili itaituliza kwa muda tu.

Mama_Junior: Kabale! Nimesoma huko. Tulioga maji ya baridi alfajiri, sweta moja muhula mzima. Leo mtu analilia hita?

Afande_Mstaafu: Vijana starehe tu. Land Rover yangu ya Moroto haikuwa hata na vioo.

Fundi_Katwe: Afande, samahani kidogo. Mwana_Arua, fyuzi inasemaje?

Mwana_Arua: Iko sawa.

Fundi_Katwe: Sawa vipi?

Mwana_Arua: Ilikuwa inakatika kila mara, fundi wa hapa akaweka waya badala yake. Tangu hapo haijasumbua.

Fundi_Katwe: Banange! Mota ikikaza inavuta umeme mwingi. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Hujasikia harufu?

Mwana_Arua: Ya plastiki, kidogo. Ila waya wenyewe mwembamba. Halafu nimeshatuma nusu ya hela Kisekka, soko la vipuri Kampala, mota iliyotumika inakuja na basi kesho. Siku moja ina ubaya gani?

Fundi_Katwe: Toa huo waya leo. Kioo futa kwa kitambaa.

Boda_Msomi: Ngojeni kwanza. Si wewe uliyekuwa unauza Corona humu juzi? "Haina tatizo hata moja, AC inapuliza safi." AC na hita zinapuliza kwa feni hiyo hiyo!

Mwana_Arua: Ile ni ya shemeji.

Mama_Junior: Shemeji naye yuko Kabale, naye Corona ya 1996?

Afande_Mstaafu: Kumbe tunamtengenezea mtu gari la kuuzia wenzetu.

Boda_Msomi: Na mimi nilishaanza kuulizia bei!

Mwana_Arua: Njoo Jumamosi uione, kaka. Itakuwa na mota mpya.

Fundi_Katwe: Mpya ipi tena?