Je, dawa za vidonda vya tumbo ziuzwe dukani bila mgonjwa kupimwa?

Ndugu wachangiaji, aliyetangulia amedai kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili, mawazo na kushinda na njaa, na kwamba mgonjwa wa huku Dodoma anahitaji maziwa, kula kwa wakati na omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) ya duka la jirani, basi. Ninampinga.

Pilipili na njaa huweza kuamsha maumivu ya kidonda kilichopo, lakini visababishi viwili vikubwa ni bakteria aina ya Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zikitumiwa kwa muda mrefu. Jambo la bakteria si geni: mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa kwa hiari yake, ukuta wa ndani wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa bakteria hao.

Mama yangu mdogo, mkazi wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, alimeza omeprazoli karibu miaka miwili, huku duka lile lile likimuuzia diklofenaki ya magoti kila alipoihitaji, na hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyingine. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, ndipo tulipomkimbiza hospitali.

Nakubali kwamba nauli ya kufika mjini ni mzigo, na kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni hakipatikani kila mahali. Hata hivyo, bakteria hawa hutambulika pia kwa kipimo cha choo, ambacho ni chepesi zaidi. Tena, anayetanguliza omeprazoli huweza kukiharibu kipimo chenyewe, kwa kuwa dawa hiyo huwapunguza bakteria bila kuwamaliza, na majibu yakaonyesha hawapo. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kuiacha wiki mbili kabla ya kupimwa. Kuwamaliza kunahitaji omeprazoli pamoja na angalau antibayotiki mbili, kwa kawaida kwa siku 14, si vidonge vya siku tatu vinavyonunuliwa kwa kuhesabu fedha iliyopo mfukoni na kuwafundisha bakteria usugu.

Kwa hiyo ninapendekeza muuzaji alazimike kuuliza kuhusu dawa za maumivu, na anayerudi kununua omeprazoli mara ya pili aelekezwe kituo cha afya. Wenzetu mnaohudumu katika maduka ya dawa muhimu, ni kipi kinachowazuia kufanya hivyo leo?