Nyumba mpya, lipu bado: niende na mfumo upi wa nyumba janja?

Mama Wawili

Wakuu, habari za leo. Nyumba yetu imeshaezekwa, fundi umeme amechimba kuta na kuweka mabomba, nyaya bado hazijapitishwa. Wapiga lipu wanaanza wiki ijayo, ndiyo maana nina haraka.

Nataka taa za ndani na nje zijiendeshe, kamera nne, geti, na mapazia ya sebuleni. Nimesikiliza watu watatu nikazidi kuchanganyikiwa. Mwuzaji mmoja anataka kunifungia mfumo wa kampuni moja, kila kitu kwa apu yao. Wa pili anasema bila KNX, ule mfumo wenye kebo yake maalumu ukutani, nisijisumbue. Shemeji yangu anasema ninunue balbu za Wi-Fi, basi.

Jambo moja kwangu halina mjadala. Mama mkwe anaishi nasi na macho yake hayasomi tena maandishi ya simu. Akiamka usiku anapapasa ukuta, anabonyeza swichi, taa iwake. Mfumo utakaomnyima hilo siutaki hata wa bure. Na intaneti ikikatika nisikae gizani. Mnanishauri nini?

Kibaraza

Dada, balbu za Wi-Fi zinamfaa mpangaji. Balbu janja inataka umeme muda wote, kwa hiyo mama akizima swichi ya ukutani inatoweka kwenye mtandao na ratiba zako zote zinalala. Kwenye nyumba yako mwenyewe weka ujanja kwenye swichi, balbu ibaki ya kawaida.

Fundi Waya

Mama Wawili, mimi ni fundi umeme, na kazi ninayoitiwa mara kwa mara ni kufumua kuta zilizokwisha kupakwa rangi. Nakuomba swali la mfumo uliweke kando kwanza. Apu unaibadilisha jioni moja, waya ukishafunikwa na lipu umefunikwa.

Anza na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Fungua boksi la swichi kwenye nyumba nyingi, utakuta nyaya mbili tu: laivu inayoingia, na ile inayopanda kwenda kwenye taa. Nyutro imepita darini moja kwa moja. Swichi ya kawaida haidhuriki, kazi yake ni kukata na kuunga. Swichi janja ina redio ndani, na redio inataka umeme hata taa ikiwa imezimwa. Ikikosa nyutro inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu. Balbu za zamani hazikujali, lakini LED ya wati 5 inaweza kumetameta usiku kucha au kubaki na mwanga hafifu, ndipo unaambiwa ununue kapasita ya kufunga kwenye taa. Mwambie fundi wako leo: kila boksi la swichi lipate nyutro, hata la stoo, na iwe ya sakiti ileile ya taa hiyo. Kama haitumiki sasa, aifunge ncha kwa konekta aisukume nyuma ya boksi.

Maboksi nayo yawe na kina. Ya milimita 35 yanatosha swichi ya kawaida, ila ukitaka kuficha relei nyuma yake, yaani kifaa kidogo kinachowasha na kuzima taa kwa amri ya swichi au ya mtandao, weka ya 47. Hiyo relei ndiyo ningemwekea mama. Ukutani anakuta swichi ileile aliyoizoea mkononi, ujanja uko nyuma, na relei nzuri inaendelea kutii swichi hata mtandao wote ukifa.

Kisha kebo za data. Kila kamera ipate kebo yake ya mtandao aina ya Cat6, maana kebo hiyohiyo inabeba picha na umeme wa kamera mpaka mita 100, huna haja ya soketi juu ya ukuta wa nje. Zote zikusanyike sehemu moja yenye hewa, na zipite bomba lao, si pamoja na nyaya za umeme.

KNX sina ubishi nayo. Ni kiwango cha kimataifa tangu 2006, vifaa vyake vinatengenezwa na kampuni nyingi, na haina ubongo mmoja wa kati: kila swichi na kila relei ina akili yake, zinaongea kupitia kebo ya volti 30 hivi. Lakini elewa unachokubali. Kwa kawaida waya wa kila taa unakwenda hadi kwenye kabati la umeme, na swichini inafika ile kebo nyembamba peke yake. Kesho ukiichoka, huwezi tu kurudisha swichi ya kawaida pale ukutani. Na kila ukitaka kubadilisha kitu unahitaji mtu anayeijua programu yake, ETS. Unaye huyo karibu, zaidi ya mmoja? Kama ni mmoja, mimi nisingeiweka.

Masafa

Fundi kamaliza upande wa waya, naongeza wa redio. Zigbee na Thread, aina mbili za redio ambazo vifaa vya nyumba janja huongea kwazo, zote ziko kwenye 2.4 GHz, na vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani vinapokezana ujumbe, vya betri havifanyi hivyo. Kwa hiyo nyutro inakulipa mara mbili: swichi nyingi zisizo nayo hazipokezani. Z-Wave, redio ya tatu, inatumia masafa ya chini yanayopenya kuta vizuri zaidi, ila yanatofautiana, Ulaya 868 MHz na Marekani 908, hivyo usiagize kabla ya kujua ya eneo lako. Matter, iliyotoka Oktoba 2022, si redio. Ni lugha ya pamoja inayopita juu ya Wi-Fi, Thread au kebo, na Apple, Google, Amazon na Samsung wote wameikubali.

Ninachokukataza ni mfumo unaotegemea seva za kampuni, yaani kompyuta zake zilizo mbali kwenye intaneti. Revolv, kampuni iliyouza kifaa cha kuendeshea nyumba janja, ilinunuliwa na kampuni ya Nest mwaka 2014, na Mei 2016 huduma ikazimwa, kifaa walichokilipia watu kikawa hakina kazi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya nyumba janja, zilizimika ghafla bila taarifa kwa wateja. Waliokuwa na Home Assistant ndani ya nyumba waliendelea kuviendesha vifaa vyao. Hiyo ni programu huria ya tangu 2013, inakaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwako.

Mwuzaji wako akuonyeshe mfumo ukifanya kazi, kisha mwombe achomoe kebo ya intaneti kwenye ruta. Utakachokiona baada ya hapo ndicho unachonunua.

Mama Wawili

Nimekwenda, na kebo tumeichomoa. Swichi za ukutani ziliwasha taa, lakini sensa ya mlangoni haikufanya lolote na apu ikabaki inazunguka. Nimemshukuru, nikaondoka. Wa KNX nimempata mmoja tu, naye anaishi mbali. Basi ni relei za Zigbee nyuma ya swichi, na Home Assistant. Fundi wangu amekubali nyutro, ingawa alinuna kidogo kwa waya utakaoongezeka. Bado mapazia na geti: nipeleke nini kabla ya lipu?

Fundi Waya

Umechagua vizuri. Pazia la reli linataka umeme juu ya dirisha, upande mmoja wa reli. Lakini mimi ningepitisha kebo ya nyaya nne, kwa sababu ukija kuweka la kuviringika, mota yake ya kawaida inataka laivu ya kupanda, laivu ya kushuka, nyutro na ethi. Hizo laivu mbili zisipate umeme kwa pamoja hata kidogo, mota itaungua. Nunua relei iliyotengenezwa kwa mapazia, usiunganishe mbili za taa.

Getini peleka mabomba mawili chini ya ardhi, moja la umeme na moja la data, na ndani ya kila moja acha kamba ya kuvutia. Kabla wapiga lipu hawajaingia, piga picha kila ukuta ukiwa umeshikiza futi ya fundi kutoka kona na kutoka sakafuni, ili siku ya kutoboa ujue bomba liko wapi.