Kwa nini India iliunda manowari yake ya kubeba ndege badala ya kununua nyingine iliyotumika?

Msomaji wa Ramani

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nina swali ambalo limenisumbua kwa muda, nami naomba wenye ujuzi wa meli na historia ya majeshi ya majini wanisaidie.

INS Vikrant, manowari ya kwanza ya kubeba ndege kusanifiwa na kuundwa nchini India, iliingia rasmi katika jeshi la majini tarehe 2 Septemba 2022 mjini Kochi. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, uliwekwa Februari 2009, ikashushwa majini Agosti 2013, kisha ikangoja hadi Agosti 2021 ndipo ikaanza majaribio baharini. Ni zaidi ya miaka 13 ya kazi, kwa gharama ya takriban rupia bilioni 200.

Kinachonitatiza ni kwamba manowari zilizotumika ziliwahi kuifaa India vizuri. Vikrant ya zamani ilinunuliwa Uingereza mwaka 1957 ikiwa haijamalizika kuundwa, na Desemba 1971 ndege zake zilishambulia Chittagong na Cox's Bazar, wakati Pakistan imetuma nyambizi yake Ghazi kuisaka, nyambizi ambayo ilizama karibu na Visakhapatnam. Viraat nayo, ambayo Waingereza waliiita Hermes, iliitumikia India tangu 1987 hadi 2017. Je, kuunda kumeipa India kitu gani ambacho kununua kusingeipa? Na je, China ilipita njia hiyo hiyo?

FundiChelezo

Ndugu Msomaji, ahsante kwa swali zuri. Nimefanya kazi ya kuchomelea vyuma katika chelezo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu, yaani chuma chenyewe.

Kwanza, tusisahau ununuzi wa mwisho ulivyokuwa. Mwaka 2004 India ilikubaliana na Urusi kuichukua manowari ya Admiral Gorshkov. Meli yenyewe ilitolewa bure, na India ikatakiwa kulipia matengenezo pamoja na ndege. Matengenezo hayo yalikadiriwa kugharimu dola milioni 974 na kukamilika mwaka 2008. Mafundi walipoifungua meli, walikuta kazi ni kubwa kuliko walivyodhani. Bei ikapanda hadi dola bilioni 2.35, matangi yake ya mvuke yakaharibika katika majaribio ya mwaka 2012, na manowari hiyo, ambayo sasa ni INS Vikramaditya, ikakabidhiwa Novemba 2013. Mnunuzi aliyekwisha kulipa fedha nyingi kwa meli iliyolala katika chelezo cha mwingine hana pa kukimbilia: ataongeza fedha au atapoteza zote.

Sasa nije kwenye Vikrant mpya. India ilitarajia kupata chuma cha kuundia meli hiyo kutoka Urusi, lakini chuma hakikufika kwa wakati. Watafiti wa ulinzi wa India wakashirikiana na shirika la chuma la taifa hilo, SAIL, wakatengeneza chuma chao wenyewe, kinachojulikana kama DMR 249. Aina moja ni ya kiunzi na nyingine, iliyo imara zaidi, ni ya sitaha ambayo ndege hutua. Naomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Chuma cha namna hiyo hakichomelewi kama bati la jahazi la mizigo. Ukikichomelea kikiwa baridi, au kwa waya wenye unyevu, kinaweza kupasuka ndani saa nyingi baada ya wewe kwenda nyumbani, na jicho lisione chochote. Ni lazima kipashwe moto kwanza, kisha kila mshono ukaguliwe. Vikrant ina urefu wa mita 262 na vyumba vipatavyo 2,300. Mtu aliyechomelea meli ya ukubwa huo kuanzia mkuku hadi mnara, na yule aliyeikagua mishono yake, wote wamebaki Kochi wakiwa na ujuzi huo mikononi. Ujuzi huo hauuzwi pamoja na meli kuukuu.

Kaskazi

Naongezea upande wa China, kwa sababu China ilianza kwa kununua lakini haikununua kwa nia ile ile.

Manowari ya Varyag ilikuwa ikiundwa Mykolaiv, Ukraine, wakati Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika, na kazi ikasimama. Mwaka 1998 mfanyabiashara wa Hong Kong, Xu Zengping, aliinunua kwa dola milioni 20, kukiwa na maelezo kwamba ingegeuzwa kasino ya kuelea huko Macau. Ilivutwa hadi mlango wa Bosporus, ambako Uturuki iliizuia kupita kwa zaidi ya mwaka mmoja, ikaruhusiwa Novemba 2001, na Machi 2002 ikawasili Dalian. Wachina waliichunguza na kuikamilisha kwa miaka kumi, na Septemba 2012 ikawa Liaoning. Mwaka 2019 ikafuata Shandong, iliyoundwa Dalian kwa kufuata umbo hilo hilo pamoja na marekebisho yao. Novemba 2025 ikaingia kazini Fujian, iliyoundwa Shanghai, ambayo ina uzito wa zaidi ya tani 80,000.

Fujian ndiyo hatua kubwa. Liaoning, Shandong na Vikrant zote zina ncha ya sitaha iliyoinuliwa, na ndege hupaa kwa nguvu ya injini zake tu, jambo linaloilazimu kupunguza mafuta au silaha. Fujian ina manati ya sumakuumeme inayoivuta ndege hadi ipate mwendo wa kuruka, kwa hiyo hata ndege nzito ya rada yenye mapangaboi, KJ-600, inaweza kupaa. Kabla yake, ni Marekani peke yake iliyokuwa na manowari yenye manati ya namna hiyo.

Kwa maoni yangu, tofauti ya mwendo kati ya nchi hizi mbili imetokana na viwanda vya meli za kawaida. China huunda meli za mizigo nyingi kuliko nchi yoyote duniani, hivyo mafundi na vyelezo vilikuwapo kabla ya manowari kufikiriwa.

BintiKilindini

Ndugu zangu, nimesoma kwa heshima, lakini naona tunaisifu meli tukisahau ndege. Vikrant ilipoingia rasmi kazini Septemba 2022, hakuna ndege ya kivita iliyokuwa imetua juu yake, na ya kwanza ilitua Februari 2023. Ndege zake ni MiG-29K za Urusi, ambazo mkaguzi mkuu wa hesabu wa India alizilaumu katika ripoti ya mwaka 2016 kwa matatizo ya injini. Aprili 2025 India ilitia saini mkataba wa kununua Rafale 26 za majini kutoka Ufaransa. Injini nne zinazoiendesha meli nazo ni za usanifu wa Marekani. Serikali inasema asilimia 76 ya meli ni ya nyumbani, nami siipingi hesabu hiyo, ila sehemu iliyobaki ndiyo inayoisukuma meli.

Thailand iliundiwa manowari yake Uhispania, ikaipokea mwaka 1997, na tangu ndege zake za kivita zistaafu mwaka 2006, hubeba helikopta tu. Nauliza kwa dhati: je, India haijijengei uwanja mzuri wa ndege za watu wengine?

Msomaji wa Ramani

Nawashukuru nyote. Hoja ya Bi Kilindini imenigusa. Ndugu FundiChelezo, je, ujuzi huo wa mikono haupotei ikiwa manowari ya pili haitaanzwa?

FundiChelezo

Hupotea, tena upesi. Fundi wa mshono mgumu akikaa miaka mitano akitengeneza mapipa, mkono wake hubadilika, na kijana aliyepaswa kujifunza kwake huenda kutafuta riziki Ghuba. Bi Kilindini ana haki kuhusu ndege, na sitaki kumpinga katika hilo. Lakini ndege za Ufaransa zinaweza kubadilishwa baada ya miaka 30, ilhali wale mafundi wakitawanyika itabidi kuanza upya na chuma. Manowari mbili pia hazitoshi, kwa sababu moja ikiingia chelezoni hubaki moja tu kwa pwani mbili zilizo mbali, ya magharibi na ya mashariki. Kwa hiyo mimi ningeweka mkuku wa nyingine Kochi sasa, kwa umbo lile lile la Vikrant na chuma kile kile, hata kama wakubwa wa jeshi wangependa iliyo kubwa zaidi.