Tupeane uzoefu: Fonti za madaha kwenye kadi na lebo za kazi za mikono, zinaharibikia wapi?

Mwanzisha uzi

Mwangaluka wadau. Uzi huu ni wa wanaotengeneza na kufungasha kwa mikono hapa Mwanza na visiwani: sabuni, mishumaa, asali, vikapu vya magugu maji, kadi za michango na za harusi. Fonti za madaha, zile zenye shina nene na mstari mwembamba kama unywele, au za mwandiko wa kuunganika, zinang'aa kwenye simu halafu zinachakaa mara tu karatasi inapotoka kwenye mashine. Aweke kila mtu anachokijua: saizi, karatasi, wino, kinachoharibika na kwa nini. Habari za wateja wasumbufu tuziache, zina uzi wao.

Kadi na Bahasha

Tatizo karibu lote liko kwenye ule unywele. Umbo hili lilishamiri mwishoni mwa karne ya 18, kwa Bodoni kule Parma na akina Didot kule Paris, wakati ambapo karatasi ilikuwa imeanza kutengenezwa laini kiasi cha kubeba mstari mwembamba bila kuukata. Sasa wewe unalipeleka kwenye manila yenye vinyweleo. Lazima likatike.

Ukipunguza herufi nusu, unywele nao unapungua nusu. Kichwa kilichopendeza kwa pointi 60 kwenye bango kinabaki mifupa kwa pointi 14 kwenye kadi ya A6. Mstari wa wino usishuke chini ya pointi 0.25, yaani karibu milimita 0.09. Ukiwa mweupe juu ya rangi, usishuke chini ya 0.5, kwa sababu wino wa pembeni unatambaa na kuumeza.

Namna ya kupima kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora: andika neno kwa saizi halisi ya kadi, libadilishe kuwa njia, yaani mchoro badala ya maandishi (Shift+Ctrl+C), vuta karibu, chora kiboksi kinachoenea upana wa unywele, soma upana wake juu. Ni kazi ya dakika mbili.

Ukitaka sura hiyohiyo kwa saizi ndogo, tumia Bodoni Moda. Ina saizi za macho, yaani maumbo yaliyorekebishwa kulingana na ukubwa wa herufi, kuanzia pointi 6 hadi 96, na ile ya chini imenenepeshwa unywele makusudi. Ni ya bure kwa OFL, leseni huria ya fonti: unaruhusiwa kuuza kadi na sabuni zenye herufi hizo, usichoruhusiwa ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake.

Mchapaji wa Kirumba

Naongezea jambo moja. Maandishi membamba yawe meusi ya K100 peke yake, yaani wino mweusi mtupu kwa asilimia 100. Nyeusi iliyochanganywa rangi nne ikihama hata robo milimita, unywele unatoka na kivuli chekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Wengi wanalaumu fonti.

Sabuni za Nyegezi

Kwa sabuni ya mche ya sentimita 8 × 5.5 × 2.5, mkanda wa karatasi unaozunguka unahitaji urefu wa 17.5: mzunguko ni 16, na 1.5 ni ya kupandiana na kugundisha. Kwa upana wa sentimita 4, A4 moja inatoa mikanda 7. Sehemu inayoonekana usoni ni 5.5 kwa 4 tu, kwa hiyo jina la bidhaa liwe neno moja au mawili kwa fonti ya madaha, pointi 22 hadi 28. Viungo, uzito na tarehe viende kwenye fonti nyoofu isiyo na vimiguu (vile vijimstari vya miishoni mwa herufi), pointi 7 au zaidi.

Yanayoharibu:

Mafuta. Sabuni mbichi inatoa mafuta, karatasi inakuwa kama kioo na herufi za upande wa pili zinaonekana. Tanguliza kipande cha karatasi ya nta chini ya mkanda.

Kukauka. Sabuni ya kutengeneza bila kupika inakaa wiki 4 hadi 6, maji yanatoka na mche unasinyaa. Ukiifunga mapema, mkanda unalegea na jina linazunguka hadi chini. Pima mche uliokwisha kukauka, si ule wa kwenye kibao.

Wino. Inki jeti ya kawaida ikikutana na mkono wenye maji, herufi zinalia. Chapa kwa leza.

Dagaa na Asali

Kwa wanaofungasha dagaa kwa ajili ya soko la Mwaloni au madukani, pakiti za kahawia zinapendeza, ila wino wa leza unapitisha mwanga. Njano au dhahabu ya kompyuta juu ya kahawia inageuka tope. Ama tumia nyeusi tupu, ama bandika stika nyeupe.

Na asali: chupa ina mgongo wa mviringo, kwa hiyo jina likizidi theluthi moja ya mzunguko, mnunuzi anaona nusu yake tu. Fonti pana za madaha ndizo zinazovuka mpaka huo. Heri neno liwe dogo kidogo na lisomeke bila kuzungusha chupa.

Fundi Skrini

Kwenye kitambaa na mifuko ya turubai mambo ni mengine kabisa. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao wengi tunautumia kwa nguo, usiuamini na mstari wa chini ya nusu milimita. Dawa inayopakwa kwenye wavu inashindwa kushika, au uzi wa wavu unakaa juu ya mstari wenyewe na kuuziba. Wavu wa 77 na kuendelea unabeba vitu vyembamba zaidi, ila kwa karatasi. Juu ya turubai zito wino hautoshi.

Mihuri ya mpira ina kasoro ya kinyume: haikati, inaziba. Matumbo ya herufi *a* na *e* yanajaa wino kwanza, na Kiswahili kimejaa *a*. Jaribu "Sabuni ya Asali ya Tabora" kwa fonti ya mwandiko, pointi 10, uone madoa. Anzia pointi 16 na uchague fonti yenye *a* ya tumbo kubwa. Pedi ya wino ikilowa sana, hakuna fonti itakayokuokoa.

Mpangaji Herufi

Jaribuni fonti kwa maneno yetu, si kwa sentensi ya Kiingereza iliyomo kwenye programu. Sisi tuna *Mw*, *Ny*, *Wa*, *Ya*, na hasa *Ng'*. Majina ya Usukumani yenye Ng'wana yanafichua fonti nyingi: nyingine hazina king'ong'o cha kupinda (ile alama ’ ya ng’), kinatoka kiboksi, nyingine zinacho lakini kinaacha pengo kama jino lililong'oka. Sogeza *w* kwa mkono irudi kushoto.

Herufi kubwa za Bodoni au Playfair Display zipanueni nafasi kwa asilimia 5 hadi 10, zinapumua. Za mwandiko msiziguse kabisa: mkipanua, viungio vinakatika na jina linakuwa vipande. Na msiandike jina zima kwa herufi kubwa za mwandiko. MASANJA kwa mtindo huo halisomeki hata na Masanja.

Kingine ni tarakimu. Playfair Display kwa kawaida inatoa tarakimu za kupanda na kushuka. Kwenye tarehe zina haiba, kwenye namba ya kuchangia harusi zinaleta balaa. Washa tarakimu za kimo kimoja, au andika namba kwa fonti nyingine.

Mgeni wa Magugu Maji

Wakuu, dhahabu ya kung'aa kwenye karatasi ya magugu maji inawezekana? Na mashine ya kulamineti tu?

Kadi na Bahasha

Dada, kwa karatasi hiyo hapana. Njia ya mashine ya kulamineti ni kuchapa kwa leza nyeusi, kulaza karatasi ya dhahabu juu, kisha kupitisha kwenye moto. Dhahabu inashika pale penye unga wa leza peke yake. Inataka uso laini. Kwenye nyuzi za magugu maji itashika vilele na kuacha mabonde. Chapa jina kwenye karatasi laini ya gramu 250, kata kibandiko kidogo, kigundishe juu ya magugu maji. Inki jeti haifai, haina unga wa kushikia. Dhahabu ikitoka na matundu, punguza mwendo au ongeza joto kabla hujalaumu fonti.

Mchapaji wa Kirumba

Na kabla ya kuleta kazi: herufi zote zigeuzwe njia. CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O. Baki na nakala ya kuhariri, maana ukishageuza huwezi kusahihisha jina la bibi harusi. Bila hivyo, kompyuta ya steshenari isiyo na fonti yako huenda ikaweka fonti nyingine badala yake. Za plota, mashine ya kukata stika kwa kisu, ziunganishwe pia, Ctrl na alama ya kujumlisha kwenye Inkscape, la sivyo kisu kinakata kila herufi inapopandiana na mwenzake. PDF itumwe WhatsApp kama dokumenti. Ikija kama picha, unywele umeshaliwa njiani.