Mjadala: Je, ni sawa kukiwezesha kirusi cha mafua ya ndege kuenea kwa hewa ili tukijue mapema?

Wadau, mimi nasema hapana. Naweka hoja zangu, mnipinge.

Mwaka 2011 mtafiti wa virusi Ron Fouchier wa Rotterdam, Uholanzi, alikibadilisha kirusi cha mafua ya ndege cha H5N1 sehemu tatu za jeni zake, kisha akakihamisha kutoka fereti mmoja hadi mwingine mara 10. Fereti ni mnyama wa jamii ya kicheche. Mafua humshika karibu kama yanavyotushika sisi. Mwishowe kirusi kikaanza kupita hewani, kizimba hadi kizimba. Mtafiti mwenzake Yoshihiro Kawaoka wa Wisconsin, Marekani, naye alipata matokeo kama hayo kwa kirusi chotara, yaani chenye jeni zilizochanganywa za virusi viwili vya mafua. Zogo likazuka, lakini tafiti zote mbili zilichapishwa 2012.

Watetezi wanasema sasa tunajua dalili za kuziangalia, yaani mabadiliko yanayoonyesha kirusi kinakaribia kuenea kwa watu. Ni kweli kwamba kirusi cha ndege kina vikwazo kwetu. Hunasa kwenye vipokezi vya seli (vishikio vya juu ya seli ambavyo kirusi hutumia kuingia) vilivyojaa utumboni mwa ndege, na vya puani na kooni mwetu ni vya umbo jingine. Tena kimezoea kuzaliana kwenye joto la ndege, nyuzi 40 hivi, ilhali pua zetu zina kama 33. Badiliko moja kwenye protini ya PB2, ambayo kirusi hutumia kujinakili, nafasi ya 627, hukisaidia kuvumilia ubaridi huo.

Lakini umuhimu wa nafasi hiyo ulitambuliwa tangu 1993, bila kuunda H5N1 ya kuenea hewani. Na namna kirusi kinavyonasa kwenye seli hupimwa kwa protini yake peke yake, bila kirusi kizima. Kwa nini basi tubebe hatari ya kirusi hai kuponyoka maabara?

Tazameni Texas, Marekani, 2024. H5N1 iliingia kwa ng'ombe wa maziwa kupitia kiwele, ambacho kina vipokezi vya aina ya ndege, ikasambaa kwa maziwa na vifaa vya kukamulia. Waliostuka ni madaktari wa mifugo: ng'ombe wanasusa malisho, maziwa yamekuwa mazito kama dang'a, paka wa zizini waliokunywa maziwa mabichi wanakufa. Sampuli zikapelekwa maabara, jibu likapatikana. Huko ndiko ninakotaka fedha ziende: kwa daktari wa mifugo na kipimo chake.

Anayetetea anijibu hili: ni uamuzi gani wa chanjo au wa shambani uliofanyika kwa sababu ya fereti wale, ambao usingefanyika bila wao?