Naomba ushauri: mazoezi ya bastola kwa mume na mke

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tunaishi Houston, Texas, kila mmoja ana bastola yake. Shabaha tunapiga vizuri, shida ni kushirikiana kujilinda jambazi akiingia nyumbani. Tukijaribu nyumbani usiku kwa bastola za plastiki, nikitangulia kwenye korido mtutu wake unaelekea mgongoni kwangu, na wote tunapiga kelele kwa pamoja. Tulipobadilishana nafasi, yale yale. Kwenye uwanja wa shabaha kila mtu anasimama kwenye kibanda chake, hatujifunzi kutembea pamoja.

Je, jambazi akiingia, ni bora wote tujifungie chumbani na watoto, mmoja alinde mlango na mwingine apige simu ya dharura 911? Na polisi wakifika, nani aongee nao, silaha ziwe wapi?